Pumzi ya Babu

Jumamosi saa tatu asubuhi, Sajini Mahlatsi aliisukuma hati ya kiapo juu ya kaunta kama mtu anayesukuma sahani ya makombo.

"Soma, mama. Halafu uniachie nafasi nifanye kazi."

Zubeda Bakiri aliisoma amesimama, kwa sababu kiti cha wageni kilikuwa na miguu mitatu. Miaka kumi na moja alikuwa mkalimani katika mahakama za Johannesburg, na mwaka huu wa 2011 ulikuwa wa nne tangu aanze kumpelelezea wakili mmoja wa Yeoville zile kesi ambazo polisi huzichoka kabla hawajazianza. Hati ya kiapo aliisoma kama mama wa Kitanga anavyochambua mchele: hatazami punje, anatafuta mawe.

Na sajini naye, Zubeda alimjua. Mei ya 2008, wageni walipokuwa wakichomwa moto mitaani, Zubeda alilala siku kumi na tisa kwenye hema katika uwanja wa kituo hikihiki, na Mahlatsi, wakati huo konstebo, ndiye aliyekuwa akiwahesabu kila asubuhi kama mbuzi wa mnada. Mahlatsi alikuwa hakumbuki. Mwenye kuhesabu husahau, aliyehesabiwa hasahau.

Mwapaji alikuwa Hennie Roodt, mwimbaji wa bendi iitwayo Skewe Windpomp, yaani pampu ya upepo iliyokwenda upande, vijana wanne wa mashambani Free State waliohamia mjini na kupangisha studio Newtown. Hennie aliapa kwamba Ijumaa saa nane mchana alimkuta mzee mmoja wa Kirundi ndani ya studio, ameingia kwa dirisha, amekumbatia inanga, ile ala ya nyuzi ya Warundi. Aliapa kwamba inanga hiyo ni yake, aliinunua kwa mama wa Kikongo aitwaye Hélène, sokoni Newtown. Kisha, kana kwamba hayo hayakutosha, akaapa kwamba katika albamu yao mpya yeye peke yake ndiye aliyeipiga, "pamoja na pumzi zote zinazosikika," na kwamba huyo mzee hajapata kumtia machoni maisha yake yote.

Zubeda alirudia mistari ya mwisho mara mbili. Mwizi mwenye akili huapa jambo moja akanyamaza. Huyu alitaka mpaka polisi wamjue kuwa ni msanii.

"Huyo mama wa sokoni mlimwuliza?"

"Tulimwuliza. Akasema ndiyo, alimwuzia ala ya muziki. Kesi imekwisha, mama. Jumatatu saa tatu, mahakamani."

"Naomba kumwona mzee."

"Dakika kumi."

Mzee Ildephonse Barandereka alikuwa na miaka sitini na minane, na alikuja kwenye wavu ameshika suruali kwa mkono, maana mkanda walikuwa wamemnyang'anya. Alikimbia Burundi mwaka 1972, akarudi, akakimbia tena 1993, akakaa kwenye makambi ya Kigoma mpaka Watanzania, ndugu zake Zubeda, walipochoka kumwita mgeni wakaanza kumwita mzigo. Ndipo akashuka kusini. Sasa mambo yalikuwa hivi: akitiwa hatiani kwa kuvunja na kuiba, karatasi yake ya ukimbizi isingeongezwa muda tena, na safari ya pili ya kurudi Burundi angeipanda akiwa chini ya ulinzi.

Zubeda alimwuliza kama ni kweli alipita dirishani. Mzee alikubali bila kupepesa macho. Alikuwa amegonga mlango siku tatu mfululizo, kila siku akiambiwa mwenyewe hayupo. Ijumaa aliona dirisha liko wazi, na inanga ya marehemu baba yake imetundikwa ukutani kwa msumari, kama mbuzi aliyechunwa. Akaingia.

"Ilifikaje mle?"

Akaeleza kwa Kiswahili chake cha makambini. Mwezi wa tatu alikuwa akipiga pembezoni mwa soko, Hennie akapita, akasimama, akamwalika ndani. Mzee akawapigia tangu adhuhuri mpaka alasiri, wao wakinasa. Kabla hajaanza, Hennie alikuwa ameomba inanga ibaki siku moja tu, aipige picha, na mzee akaiacha. Kesho yake mlango ulikuwa na kufuli. Bendi imekwenda kuzunguka nchi, wakamwambia. Miezi saba ikapita hivyo, mpaka mwanzo wa wiki hii alipoiona inanga yake kwenye dirisha la duka, kwenye ganda la santuri.

"Mlikuwa wangapi mle ndani?"

"Watatu. Mimi, na Hennie, na mwingine wa mitambo. Kobus. Anakohoa sana yule."

"Ukawapigia nini?"

"Hadithi ya ng'ombe wa mfalme."

"Ukaanza nayo moja kwa moja?"

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa ikiwa aliingia mle ndani uchi. "Mama, unaweza kuingia nyumba ya watu ukaanza hivihivi? Niliamkua kwanza. Ni lazima uamkue."

"Kwa Kirundi?"

"Inanga haijui kizungu."

Zubeda aliandika neno moja kwenye daftari: *aliamkua*. Hakulipigia mstari. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha.

* * *

Studio ilikuwa ghala la zamani la viazi, limepakwa rangi nyeusi ndani ili waliomo waonekane wana huzuni. Hennie Roodt alimpokea kwa ukarimu wote wa mtu asiyehesabu aliye mbele yake kuwa ni hatari. Alikuwa na ndevu za mchunga ng'ombe, kofia ya mchunga ng'ombe na viatu vya mchunga ng'ombe, na tangu azaliwe hakupata kuchunga ng'ombe hata mmoja. Kwao ng'ombe walichungwa na watu ambao majina yao hakuyajua, au aliyajua nusu, nusu ile iliyokuwa nyepesi kwa ulimi wake.

Zubeda alimwambia wazi kwamba anatoka kwa wakili wa mzee. Hennie akacheka, akamkaribisha kochi.

"Sina chuki na mzee," alisema. "Wenye njaa huiba. Lakini sheria ni sheria."

Akamweleza habari za albamu bila kuulizwa. Ilikuwa ya muziki wa kantri, alisema, lakini kantri iliyokula uyoga. Gitaa la kulaza mapajani likipitishwa kwenye mashine za mwangwi, kinanda cha kanisani, ngoma zilizonaswa ndani ya tangi la maji. Magazeti mawili yalikuwa yameisifu. Mwandishi mmoja alisema wimbo wa mwisho, "Pumzi ya Babu," ni sauti ya ardhi yenyewe ya Afrika ikiota ndoto.

"Na hiyo pumzi ni ya nani?"

Hapo Hennie alivua kofia. Babu yake, alisema, alikata roho shambani mwaka wa themanini na tisa, na yeye, mtoto wa miaka sita, alikuwa kando ya kitanda akiisikiliza ile pumzi ikija na kwenda. Ndiyo aliyoiigiza. Aliisimulia vizuri, na kwa namna alivyotua pale pa kutua, Zubeda alijua kwamba ameisimulia mara nyingi mbele ya watu walioshika glasi.

"Kwa hiyo anayesikika ni wewe."

"Nani mwingine?"

"Hasemi kitu? Hakuna maneno?"

"Hakuna. Ni pumzi tu, mama. Si kila kitu kinahitaji maneno."

"Na aliyekuwa kwenye mitambo? Kobus?"

Hennie alirudisha kofia kichwani. Kobus alihamia Cape Town, alisema, na simu yake imebadilika. Kisha akataka kujua amepataje jina hilo. Zubeda akamwambia limeandikwa kwenye ganda la zile santuri zilizorundikwa kando, kwa herufi ndogo, na ndivyo ilivyokuwa. Hennie alitulia. Akachomoa santuri moja kutoka kwenye rundo akamkabidhi kama zawadi.

Picha ya mbele ilikuwa inanga, peke yake, imelazwa kwenye majani makavu: ubao uliochongwa kama hori, na uzi mmoja mrefu uliopitishwa huku na huku mara nane. Nyuma iliandikwa: *Inanga na pumzi: Hennie Roodt.*

"Nitilie sahihi," Zubeda alisema.

"Niandike nini?"

"Kweli tupu. Kwamba pumzi ni zako."

Hennie alipendezwa. Aliandika kwa kalamu nene, *Kwa Zubeda, pumzi zote ni zangu*, akatia sahihi na tarehe. Hakuna aliyemshika mkono.

* * *

Hélène alikuwa na meza ya vinyago upande wa pili wa soko, na Zubeda alimwendea akiwa na hakika kwamba amemkamata shahidi wa kununuliwa. Alikosea. Hélène alikuwa mama wa Lubumbashi, mnene, mwenye sauti ya kutulia, na hakuwa amesema uongo hata chembe.

"Njo kweli, yule muzungu nilimuuzishia kintu ya muziki. Likembe. Kintu kidogo ya mukono, ya vyuma." Akaonyesha kwa vidole gumba jinsi inavyopigwa. Zubeda alipomwonyesha ganda la santuri, alilisogeza mbali, akalitazama, akalirudisha. "Ile haina yangu. Ile ni ya Barundi. Miye siiuzishi."

"Polisi walikuonyesha picha?"

"Picha gani? Alikuya mumoja, akauliza: uliuzishia yule muzungu kintu ya muziki? Nikasema ndiyo. Akaenda. Hakushuka hata mu motokari."

Ulikuwa uchunguzi wa kipolisi uliofanywa kupitia dirisha la gari, huku robot, taa za njia panda, zikiwa nyekundu. Zubeda alimwomba aje kituoni aseme hayo hayo mbele ya sajini.

Hélène alianza kupanga vinyago ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. "Hapana, mama. Karatasi yangu ya biashara inaisha mwezi huu. Pale banakuulizaka karatasi mbele ya jina. Unisamehe."

Zubeda hakumbembeleza. Alijua wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wa mkoba ulioibwa wakaishia kwenye lori la kurudishwa kwao. Akanunua kinyago kimoja kibaya kwa heshima, akaondoka bila shahidi.

* * *

Yeoville yote ilikuwa na kinanda kimoja cha santuri kinachofanya kazi, na kilikuwa cha Twalib, fundi cherehani wa Kizanzibari, mtu wa miaka sabini aliyekifunika kwa kitambaa cha mezani na kukipa heshima asizowapa wateja.

"Bi Zubeda, hiki kinapigiwa taarab. Hakijapata kutiwa uchafu."

"Leo kitatiwa."

Annick, binti wa mzee Ildephonse, aliitwa kutoka saluni ya jirani, akaja na chanuo kichwani na mafuta vidoleni. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kirundi alikisikia, Kiswahili alikisema kwa kuokoteza, na akikasirika alirudi kwenye Kiingereza cha Hillbrow. Alikaa kwenye kigoda, akakunja mikono. Tangu Ijumaa hakuwa amelala vizuri na hakuficha.

Sindano ikatua. Gitaa likalia kama lango la zizi. Ikafuata sauti ya Hennie, inatoka ndani ya ndoo.

Twalib alisikiliza kwa adabu nusu dakika. "Huyu kaumwa na jino, au kaachwa na mke?"

"Hana jino bovu wala mke. Ndiyo maana."

Wakaruka upande wa kwanza mzima. Kwenye wimbo wa mwisho wa upande wa pili, kinanda cha kanisani kilinyamaza, na inanga ikabaki na pumzi. Hazikuwa na umbo: zilikuja kama upepo chini ya mlango, zikivutwa na kumezwa. Annick alitikisa kichwa. Hakuelewa kitu. Hakikuwa Kirundi, alisema, hakikuwa lugha yoyote.

Zubeda hakuwa anasikiliza pumzi. Alikuwa anasikiliza nyuzi.

"Fundi, uzi ukiukwanyua unaanzaje?"

"Unaanza kwa kishindo, halafu unafifia."

"Hizi je?"

Twalib aliinamisha sikio. Sauti ya kila uzi ilianza hafifu, ikavimba, ikavimba, halafu ikakatika ghafla kwa kishindo. Alisikiliza tano, sita. Akainua kichwa taratibu. "Wameigeuza. Wanaipigisha kinyumenyume."

"Basi tuirudishe ilikotoka."

Twalib alilalamikia sindano yake, akamlaani Hennie na kizazi chake, kisha akazima mota na kuweka kidole cha shahada juu ya santuri. Miaka hamsini mkono ule ulikuwa umezungusha gurudumu la cherehani, na hakuna mashine iliyokuwa na mwendo wa sawa kuliko wake. Santuri ikaanza kwenda nyuma. Nyuzi zikaanza kwa kishindo na kufifia, kama ilivyo haki yake, na katikati ya nyuzi, pale palipokuwa na upepo, pakawa na mtu.

Alikuwa ananong'ona. Hivyo ndivyo inanga inavyopigwa kwao: mpigaji hapandishi sauti, anauteremsha mnong'ono mpaka ulimi na uzi viwe kitu kimoja. Asiyejua atadhani mzee amechoka, anahema. Hennie alikaa hatua mbili kutoka kwake adhuhuri nzima akasikia mzee anahema.

Annick alishuka kwenye kigoda akapiga magoti karibu na kinanda. "Ni baba," alisema. "Anti, ana—"

Zubeda alimziba mdomo kwa kiganja.

"Usiniambie. Usimwambie na fundi. Shika kalamu, kaa kule nyuma, andika kwa Kiingereza kila neno la salamu, ukome hadithi inapoanza. Ukimaliza funga bahasha."

Annick akamtazama kwa hasira, na Zubeda akamweleza kwa ufupi kwa nini: neno la binti kwa baba yake, mahakamani halina uzito wa unyoya. Na wakimjua Zubeda kwamba amelisikia kwanza, watasema amelipandikiza yeye. Mara tatu Twalib alirudia kuzungusha. Annick aliandika, akafuta machozi kwa mkono wenye mafuta, akaandika tena.

Sasa alihitajika mtu ambaye asingeshukiwa na yeyote kuwa anawapenda wakimbizi, na huyo Zubeda alimjua. Jean-Paul alikuwa mkalimani aliyeapishwa wa Kirundi, mkazi wa Rosettenville, mtu anayetembea na muhuri wake kwenye koti hata siku ya harusi. Walifanya kazi mahakama moja. Mwaka 2003 mjane mmoja alitoa maelezo ya nusu saa, na Jean-Paul, aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani, akayafasiri kwa neno moja: hapana. Mjane yule alishindwa kesi. Zubeda alikuwa na jina lake mjane, na tarehe, na rangi ya kitambaa alichojifunga.

Alimleta kwa Twalib Jumapili baada ya misa, hakumwambia kesi ni ya nani. Jean-Paul alisikiliza salamu hizo kwa uso wa mtu anayenusa samaki, akaandika nusu ukurasa, akatoa muhuri.

Zubeda alifungua bahasha ya Annick akalinganisha. Yalikuwa yaleyale, mstari kwa mstari, mpaka pale ambapo ya Jean-Paul yaliishia na ya Annick yakaendelea.

"Umekata sentensi mbili za mwisho."

"Hazikuwa muhimu."

"Sikiliza tena, Jean-Paul. Leo huna haraka."

Jean-Paul alifungua mdomo ili ajibu kitu kuhusu taaluma yake. Kisha akaona namna anavyotazamwa, akaufunga. Alisikiliza tena, akaziongeza zile mbili za mwisho, akapiga muhuri.

* * *

Saa tisa alasiri ya Jumapili hiyohiyo, kinanda cha Twalib kilikuwa juu ya meza ya Sajini Mahlatsi, na Twalib kando yake kama baba wa bibi harusi. Hennie Roodt alikuja amechelewa, na kofia yake. Aliambiwa na sajini kwamba ni maelezo madogo ya nyongeza, na alikuwa amekuja na santuri nyingine, ya kumzawadia sajini.

Mahlatsi alikuwa amekubali kikao hiki kwa sababu moja. Zubeda alimwambia kwamba Jumatatu atamwuliza mbele ya hakimu kama alishuka kwenye gari kumwonyesha Hélène picha. Eish, alisema Mahlatsi, na akapiga simu.

"Bwana Roodt," Zubeda alisema, "umeapa kwamba pumzi ni zako."

"Nimeapa. Na nimekuandikia."

"Umeniandikia." Akaliweka ganda mezani, maandishi juu. "Na hazina maneno."

"Tulikwisha kuyazungumza haya."

"Mwambie sajini."

"Hazina maneno," Hennie alimwambia sajini, kwa uvumilivu wa kumwelekeza mtoto. "Ni pumzi."

Zubeda akamtikisia Twalib kichwa. Kidole kikashuka. Santuri ikageuka nyuma.

Mahlatsi alikuwa hajui Kirundi. Hakukihitaji. Mnong'ono ulitoka polepole, uzi kwa uzi, kama mtu anayetembea kwenye chumba chenye wageni akimshika kila mmoja mkono, na kati ya maneno ambayo sajini hakuyajua likapita moja alilolijua. *Hennie.* Kalamu yake ilisimama. Mnong'ono ukaendelea. *Kobus*, ukasema, na papo hapo, kutoka upande wa nyuma wa chumba kile cha mwezi wa tatu, mtu akakohoa.

"Rudisha," Mahlatsi alisema.

Twalib alirudisha. *Hennie.* Uzi. *Kobus.* Kikohozi.

Hennie alikuwa ameacha kutabasamu, lakini uso ulikuwa bado haujapata kitu kingine cha kuweka mahali pa tabasamu. Alikuwa ameisikiliza sauti ile mara mia. Aliikata, akaigeuza, akaivika mwangwi, akaisimamia jukwaani miji kumi na minne amefumba macho. Jina lake lilikuwemo ndani muda wote huo.

Sajini aliivuta karatasi yenye muhuri wa Jean-Paul, akaisoma kwa sauti, polepole, kwa Kiingereza cha kituoni:

"Namwamkua Hennie, mwenye nyumba hii, aliyenivusha mlango kwa mkono wake. Namwamkua Kobus, aliyekaa kwenye mitambo. Mungu akuondolee kikohozi. Ninayewaamkua ni Ildephonse wa Barandereka. Inanga hii aliichonga baba yangu, nami nimeibeba nchi tatu." Akatua, akaendelea. "Hennie ameomba ilale hapa siku moja, apate picha yake. Nimekubali mbele yenu, na kesho nitaifuata."

Nje, kwenye kaunta, mtu alikuwa analalamikia simu iliyoibwa.

"Bwana Roodt," sajini alisema, "babu yako alikuwa Mrundi?"

Hennie alisema kwamba studio ni mahali penye watu wengi. Alisema kwamba huenda palikuwa na mzee, sasa anakumbuka kidogo, wanapita wengi. Alisema kwamba kwa vyovyote kilichomo kwenye santuri ni sanaa, na sanaa haichukuliwi kama maelezo ya polisi. Zubeda hakumkatiza. Katika miaka kumi na moja ya kusimama kando ya vizimba alijifunza kwamba mtu anayezama usimpe kamba wala jiwe. Muache apige maji mwenyewe.

Mahlatsi alichomoa karatasi tupu ya kiapo, akaiweka juu ya ile santuri aliyoletewa zawadi.

"Kuna mambo mawili. Unaandika hapa kwamba unaifuta kesi, na kwamba ala ni ya mzee. Au hii ya Ijumaa inabaki, nami kesho nampelekea hakimu mtu aliyeapa uongo. Sina haraka."

Hennie aliandika. Ilimchukua dakika nne, na mwandiko haukuwa ule mnene wa kwenye ganda. Sajini akaisoma, akapiga muhuri, akaondoa funguo kwenye ndoano. Akamwambia konstebo alete na ile inanga kutoka stoo ya vielelezo, na mkanda wa mzee.

Zubeda alikuwa anamsaidia Twalib kufunika kinanda. Hennie alibaki ameketi, mikono juu ya magoti, akitazama meza.

"Mnong'ono wenyewe ni dakika saba," alisema mwishowe. "Hizo salamu ni dakika ya kwanza tu. Watu huniuliza kila mahali. Anasema nini baadaye?"

"Hilo mimi sijui. Hadithi ni yake." Kutoka ukumbini ulisikika mlango wa chuma ukifunguliwa, na miguu ya mtu mzima ikija bila haraka. "Muulize. Ndiye huyo anakuja."

Hennie Roodt alinyanyuka. Alichukua kofia yake, akaitazama upande wa ndani, kisha akamwuliza sajini kwa sauti ya chini kama kituo kina mlango mwingine.